Mandari ya Mei Mosi irudi mitaani

Asubuhi ya Mei Mosi 1947, wakulima wa miji mitatu midogo ya Sicily, kusini mwa Italia, walipanda mlimani na familia zao wakiwa na vikapu vya chakula. Walitoka Piana degli Albanesi, San Giuseppe Jato na San Cipirello, wengine kwa miguu, wengine kwa mikokoteni, wengine juu ya punda na baghala. Walikuwa wanakwenda Portella della Ginestra, uwanda wa majani ulio kati ya milima ya Pizzuta na Kumeta, si mbali sana na jiji la Palermo. Vikapuni mlikuwa na mikate, jibini, maharage mabichi na divai. Watoto walivalishwa nguo za sikukuu. Hotuba zilikuwapo, lakini sidhani kama hotuba ndizo zilizowatoa kina mama na vichanga vyao nyumbani asubuhi ile. Walikwenda kula pamoja na kushinda pamoja mchana kutwa, kama walivyofanya wazazi wao.

Ilipogonga saa nne na kitu, fundi viatu mmoja, kiongozi wa Wasoshalisti wa San Giuseppe Jato, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuzungumza. Ikasikika milio kutoka majabalini. Wengi walidhani ni fataki za sherehe. Walipoona wanyama wanaanguka, kisha watu, ndipo walipotambua kuwa ni risasi. Uwanda ule uko wazi, na aliyekimbia hakuwa na mti wa kujibanza. Watu 11 waliuawa, watoto wakiwamo, na wengine zaidi ya 20 walijeruhiwa.

Kuna jambo moja katika msiba huo ambalo kila mwaka, sisi tunapojiandaa kuvaa fulana na kofia za Mei Mosi, huwa linanijia: mandari iliyomiminiwa risasi Portella ilikuwa mandari iliyofufuliwa. Ilianza miaka ya 1890, enzi za Nicola Barbato, daktari wa Piana aliyewaunganisha wakulima katika vyama vilivyotikisa Sicily nzima. Serikali ilivivunja vyama hivyo kwa nguvu za jeshi mwaka 1894, na Barbato mwenyewe akafungwa na mahakama ya kijeshi. Alipotoka aliendelea. Pale Portella lipo jiwe kubwa alilokuwa akisimama juu yake kuhutubia, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kisha akaja Mussolini. Mwaka 1923 aliifuta Mei Mosi, akaihamishia sikukuu ya kazi Aprili 21, siku inayoadhimishwa kama ya kuzaliwa mji wa Roma. Kwa takribani miaka 20 hakukuwa na ruhusa ya kupanda na vikapu. Ufashisti ulipoanguka, wakulima wale hawakusubiri mwaliko wa mtu yeyote. Walirudi kwenye jiwe lao.

Na walikuwa na la kusherehekea. Mwaka 1944 waziri wa kilimo Fausto Gullo alitoa amri zilizowaruhusu wakulima, kupitia ushirika, kulima ardhi iliyoachwa pori na makabaila. Mashamba hayo yalisimamiwa na mawakala, wengi wao watu wa mafia, na hao hawakuipenda habari hiyo hata kidogo. Aprili 20, 1947 muungano wa Wasoshalisti na Wakomunisti uliongoza katika uchaguzi wa kwanza wa bunge la Sicily. Siku 11 baadaye, bunduki zikalia Portella. Waliofyatua walikuwa genge la jambazi Salvatore Giuliano. Waziri wa mambo ya ndani, Mario Scelba, alisema bungeni kwamba tukio lile halikuwa la kisiasa. Mwaka 1952 mahakama ya Viterbo iliwapa wafuasi wa Giuliano kifungo cha maisha. Yeye alikwishauawa mwaka 1950. Msaidizi wake, Gaspare Pisciotta, aliyekuwa akitishia kutaja wakubwa, alikufa kwa sumu gerezani Palermo mwaka 1954. Hakuna mkubwa aliyefikishwa kizimbani kwa kuwatuma.

Najiuliza: kwa nini walilenga mandari? Ofisi za vyama zilikuwapo, viongozi walijulikana majina na nyumba. Jibu ninaloliamini ni kwamba pale uwandani ndipo harakati zilipokuwa zimegeuka kuwa familia. Mkulima akienda mkutanoni peke yake, mkewe anaweza kumwambia kesho asiende tena, kuna hatari. Mke akienda naye, akakaa na wake za wenzake, wakagawana mkate na kusikia kwamba shida ya nyumba yake ndiyo ya nyumba zote, watarudi pamoja. Mtu mwenye ardhi ya kulinda analielewa hilo vizuri kuliko mwanazuoni.

Wale watu hawakuiacha siku yao. Kila Mei Mosi wanaandamana kutoka Piana hadi uwandani, mahali ambapo sasa pamesimikwa mawe makubwa, mengine yamechongwa majina ya waliouawa.

Desturi ya kula siku ya wafanyakazi haikuanza Sicily. Tunapoeleza asili ya Mei Mosi huwa tunataja Chicago, Marekani: mgomo wa Mei 1, 1886 wa kudai saa nane za kazi kwa siku, bomu lililolipuka katika mkutano wa Haymarket Mei 4, na wanaume wanne, Albert Parsons, August Spies, Adolph Fischer na George Engel, walionyongwa Novemba 11, 1887. Mwaka 1893 gavana wa Illinois, John Peter Altgeld, aliwasamehe watatu waliobaki gerezani na kueleza kwamba kesi ile haikuwa ya haki. Yote hayo ni kweli na yanastahili kukumbukwa. Kisichosimuliwa ni namna wafanyakazi wa Chicago, wengi wao wahamiaji kutoka Ujerumani, walivyojenga nguvu hiyo kabla ya 1886. Walifanya hivyo Jumapili, kwenye bustani kama Ogden's Grove, kwa bendi za muziki, bia, ngoma, michezo ya watoto na kapu la michango. Anayefanya kazi saa 10 au 12 kwa siku hana jioni ya kuhudhuria mkutano. Ana Jumapili moja tu, na Jumapili hiyo familia yake inaidai. Wakaamua mkutano na familia viwe mahali pamoja. Hata usiku ule wa Haymarket, Parsons alikuja mjini na mkewe Lucy na watoto wao wawili.

Sasa tuje kwetu, maana mwaka ule wa 1947 na sisi tulikuwamo. Januari 13, miezi mitatu na nusu kabla ya Portella, Mombasa ilisimama. Watu wapatao 15,000 waligoma: makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, wahudumu wa hoteli, mpaka watumishi wa majumbani. Walikutana kila siku kwenye uwanja wa mpira walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo walipashana habari, walishauriana na kupeana moyo. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo na kupelekwa kizuizini Kabarnet. Septemba, makuli wa Dar es Salaam nao waliweka mizigo chini, na mgomo ukapanda na reli ya kati kwenda bara. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, katibu mkuu wake akiwa Rashidi Kawawa. Sisi nasi tulikuwa na jiwe letu la Barbato.

Kisha mwaka 1964 TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama cha wafanyakazi chini ya mwavuli wa chama tawala, TANU. Sitaki kurefusha historia ya warithi wake, JUWATA, OTTU na hatimaye TUCTA. Ninachotaka kusema ni kwamba tangu hapo Mei Mosi yetu imekuwa na mgeni rasmi. Kila mwaka sherehe ya kitaifa inapelekwa mkoa mmoja. Uwanja unajaa, magari yanapita na mabango, mfanyakazi hodari anapewa cheti na bahasha, na nchi nzima inasubiri neno moja kutoka jukwaa kuu. Na neno lile si dogo. Mei 1, 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Nyumba nyingi zilishangilia, na zilikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini angalia nani hayupo pale uwanjani. Watoto wa wafanyakazi hawapo. Mwenza wa mfanyakazi hayupo, labda naye aajiriwe sehemu iliyoleta bango. Mlinzi wa usiku amelala, kwa sababu jioni anaingia tena zamu. Mama lishe yupo nje ya geti anauza chakula. Dada wa kazi yuko nyumbani na watoto wa mwajiri aliyekwenda kuandamana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Saa saba mchana gwaride limekwisha, watu wanatawanyika na fulana zao, kila mtu na daladala yake. Siku ya mshikamano inamalizika mtu akiwa peke yake kwenye kochi, anatazama marudio ya hotuba.

Haikuwa hivi siku zote. Nimekulia Tanga, mtoto wa fundi mitambo wa kiwanda kimoja ambacho sasa ni maghala. Gwaride lilipomalizika, lori la kiwanda lilitukusanya familia nzima nzima na kutupeleka Raskazone, baharini. Kila nyumba ilikuja na jamvi, sahani na vikombe vyake. Mchele, nyama na viungo vilitoka kwenye mfuko wa wafanyakazi wenyewe. Masufuria ya pilau yalisimamiwa na wanaume, mafundi wa karakana, wamefunga shuka kiunoni, wanakoroga kwa miiko mirefu kama makasia huku wakibishana kuhusu chumvi. Kina mama siku hiyo waliketi. Meneja alikula sinia moja na wapagazi, na hakuna aliyeona ajabu.

Kipo kitu kingine nilichokiona na kukielewa ukubwani. Baada ya kula, wanaume kwa wanawake walikaa chini ya mkungu, na baba yangu akatoa mfukoni karatasi ya mshahara iliyokunjwa mara nne. Jirani yake akatoa yake. Wakaziweka juu ya jamvi, wakazishikilia kwa vidole zisipeperushwe na upepo, wakaanza kulinganisha mstari kwa mstari: hiki makato, hiki saa za ziada, wewe mbona umekatwa zaidi yangu na tunafanya kazi moja? Watu wakasogea. Ikaonekana kwamba zamu moja nzima ilikuwa imepunjwa saa za ziada kwa miezi kadhaa. Jumatatu waliingia ofisini pamoja, wakiwa na hesabu yao. Walilipwa. Kiwanda kilipouzwa miaka ya 1990, waliobaki walipata mikataba ya miezi mitatu mitatu, na mandari ikafa bila mtu kuitangazia kifo chake.

Ndiyo maana nasema irudi, na irudi mitaani, si lazima isubiri kiwanda. Wengi wetu leo hatuna kiwanda. Tuna bodaboda, genge, cherehani, darasa la shule binafsi, lindo, jiko la mama lishe, kazi ya kompyuta inayofanyika sebuleni. Wafanyakazi wa namna hii hawana uwanja wa kupita na bango, lakini wana mtaa. Mtaa mmoja wenye nyumba 30 una waajiriwa, waajiri wadogo, vibarua na wastaafu, na wote wanajuana kwa misiba na harusi. Kamati ya kupika pilau la watu 100 ipo tayari. Imezoea kazi hiyo, ila mpaka sasa imekuwa ikiitwa kwenye kilio na ndoa tu.

Yako mambo ambayo ningeyasimamia kwa nguvu kama ningekuwa kwenye kamati hiyo. La kwanza ni kwamba dada wa kazi na mlinzi waje kama wageni, wakae, wapakuliwe. Mandari ya wafanyakazi ambayo dada wa kazi anaosha vyombo ni shughuli ya kawaida iliyobadilishwa jina tu. Wanaume wapike. Wapwani tunajua kwamba sufuria kubwa la shughuli ni kazi ya wanaume tangu zamani, kwa hiyo asije mtu akasema hajui. Michango iwe midogo na iandikwe hadharani, na asiye nacho alete kuni au nguvu zake. Na asialikwe mgeni rasmi, hata diwani. Akija na sahani yake kama jirani, karibu sana.

Mvua nayo ifikiriwe. Huku Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, Mei Mosi inaangukia katikati ya masika, na ufukwe unaoonekana mzuri Februari waweza kuwa matope siku hiyo. Turubai likodiwe mapema, au hodi ipigwe kwa mwenye ukumbi wa shule. Wenzetu wa Dodoma na Singida wana bahati. Kwao mvua zimekwisha, mahindi mabichi na karanga mpya vipo, na kivuli cha mbuyu kinatosha.

Kisha baada ya kula, watu watoe karatasi zao. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Wapo Watanzania wengi wanaofanya kazi kila siku bila kujua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwamba saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Wapo wanawake walioambiwa wajifungue na warudi baada ya mwezi mmoja, ilhali likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Na yupo mlinzi aliyesimama getini Mei Mosi nzima: sheria hiyohiyo inasema anayefanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa alipwe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa saa alizofanya. Yatamkwe hayo mbele ya watu, na waajiri wadogo wa mtaani nao wasikie wakiwa wamekaa jamvi moja na wanaowalipa. Mwalimu mmoja wa mtaa anayesoma sheria kwa sauti, kifungu baada ya kifungu, atafanya kazi kubwa kuliko semina ya hotelini.

Wengine watasema haya ni mambo ya vyama vya wafanyakazi. Ni kweli, na vyama vije. CHODAWU, kinachoandikisha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini, hakiwezi kugonga kila geti la Mikocheni, na geti lenyewe mara nyingi hufunguliwa na mwajiri. Mandarini geti halipo. Wengine watauliza: tukianza kulinganisha mishahara si tutagombana majirani? Pengine tutagombana kidogo. Ila siri ya mshahara inamlinda anayepunja, haimlindi anayepunjwa, na hilo nimelishuhudia kwa macho yangu pale Raskazone.

Sidai kwamba sherehe za kitaifa zifutwe. Gwaride lina heshima yake, na nyongeza ya mshahara wa serikali lazima itangazwe mahali. Asubuhi twendeni uwanjani, anayetaka. Mchana uwe wetu.

Basi msomaji, ukimaliza kusoma, mtafute jirani mmoja mnayeelewana, mtaje watu wengine watatu wa kuanza nao, na mkubaliane mahali. Muulizeni mjumbe wa nyumba kumi ni nani mwenye masufuria makubwa. Mwambieni dada wa kazi mapema kwamba siku hiyo hafanyi kazi na mshahara wake hauguswi. Na kila atakayekuja aje na sahani yake, kikombe chake, na karatasi yake ya mshahara au mkataba, kama anao.